Maneno Aliyoyaruka Siwema

Mwalimu Sekela aliandika "passed away" ubaoni, kisha akawageukia wanafunzi wake. "Hapa hakuna aliyepita kwenda popote," alisema. "Hii ni tasfida. Maana yake amefariki."

Darasa zima likanakili. Siwema peke yake alibaki ameshika kalamu bila kuandika.

Jumamosi iliyopita jirani yao, Bi Hafswa, alimletea barua kutoka kampuni ya ng'ambo ambako mwanawe, Shaame, alikuwa akifanya kazi. Mtaani Siwema alisifiwa kwa Kiingereza, na siku hiyo watu walikuwa wamemzunguka. Maneno mazito aliyaruka, maana aliona aibu kusema hayajui. Akashika yale mepesi: "Shaame amepita, ameondoka kwenda mbali."

Bi Hafswa akapiga vigelegele. "Kama ameondoka huko, basi yuko njiani anarudi!"

Kengele ya kutoka ilipolia, Siwema hakwenda kwao. Alimkuta Bi Hafswa chumbani kwa Shaame, kanga kaifunga kiunoni, anapaka ukuta chokaa.

"Karibu, mwanangu. Nishikie ngazi nimalizie huku juu."

Siwema aliishika ngazi kwa mikono miwili. Alitamani ukuta ule usiishe.

"Shuka kwanza, mama," alisema hatimaye. "Ile barua sikuielewa yote. Nilikudanganya."

Brashi ilisimama. Bi Hafswa hakugeuka wala hakushuka, na chokaa ikaanza kumtiririka mkononi taratibu, hadi kwenye kiwiko.