Mwanafunzi Mzito wa Kihispania

"Madamu, 'mgomo' kwa Kihispania wanasemaje?"

Fergus aliuliza bila ubaya wowote. Glenys Ormerod akageukia ubao ili wasimwone uso. Neno hilo hakuwa nalo. Kwa Kifaransa angelitaja hata usingizini, maana Kifaransa ndicho alichosomea na kukifundisha kwa miaka kumi na tisa. Kihispania alitupiwa tu, mwaka uliopita, mwalimu wa somo hilo alipohamia Leeds. "Lugha hizo ni ndugu," mwalimu mkuu alimwambia. "Utaweza." Tangu siku hiyo alikuwa akiwatangulia wanafunzi kwa kurasa mbili. Wiki ikiwa mbaya, ukurasa mmoja.

"Samahani, Madamu." Alikuwa Tamsin Birkett, tena. "Mimi hata aya ya kwanza sijaielewa. Tunaweza kurudi nyuma kidogo?"

Wenzake wanne wakaguna.

"Tamsin, kichwani umejaza sufu ya kondoo wenu?" Fergus akasema.

Glenys akawaamuru wote waisome upya ile aya, kimya. Walipoinama, akachungulia kitabu chake chini ya meza, akalipata neno, akalisema kana kwamba lilikuwa mdomoni muda wote. Kisha akajichukia, kama kila Jumanne na kila Alhamisi.

Ndivyo alivyokuwa Tamsin. Kila somo lilipofika mahali pagumu, yeye alikuwa hajaelewa hata pale pepesi. Siku nyingine Glenys alishukuru moyoni kwa uzito huo; siku nyingine ulimchosha. Mara moja, mbele ya wote, alimwambia, "Hivi wewe nyumbani unafungua kitabu kweli?" Msichana akainamisha kichwa. "Nitajitahidi, Madamu."

Lakini lililomnyima Glenys raha lilikuwa jingine. Mwezi wa Februari alisahihisha insha ya Tamsin akapiga mstari mwekundu juu ya kitenzi kimoja. Jioni, katika kujiandaa na somo linalofuata, akagundua kwamba kitenzi kile kilikuwa sahihi. Aliyekosea ni mwalimu. Kesho yake akakutana na Tamsin kwenye korido, akataka kukiri, akaishia kuuliza habari za mvua. Katika insha iliyofuata Tamsin aliandika kitenzi kile kwa makosa, vilevile kama mwalimu alivyomwelekeza. Glenys akakiwekea alama ya vema.

Kwenye kikao cha wazazi alikuja baba peke yake, mfugaji kondoo mwenye viganja kama majembe. Mama, alisema, amebaki na kondoo wanaozaa.

"Bwana Birkett, nikwambie ukweli," Glenys alisema. "Ingekuwa heri Tamsin aliache somo hili. Mtihani wa kidato cha sita si mchezo, na chuo kikuu kitaangalia alama."

Baba akataka kucheka, akakohoa badala yake. "Tushamwambia, Mwalimu. Hataki. Anasema darasani kwako haondoki."

Hilo likamuuma kuliko tusi.

Mtihani wa kuzungumza ulikuwa mwezi wa Mei. Shule ina ruhusa ya kumtumia mwalimu wake mwenyewe, sauti zikarekodiwa na kupelekwa kwa wasahihishaji. Glenys aliomba aletwe mtahini kutoka nje. Alisema ni kwa ajili ya haki. Ukweli ni kwamba hakuthubutu kuacha sauti yake isikike.

Asubuhi hiyo alimwachia mwalimu mkuu ampokee mgeni, Bi. Iturralde wa Zaragoza, Hispania, asije yeye akasemeshwa Kihispania mlangoni. Mgeni alipokwisha kuingia chumbani, ndipo Glenys akaja kuketi kwenye kiti cha koridoni.

Fergus alitoka amepauka. "Nimekwama, Madamu. Kaniuliza kitu hatujawahi kukisoma." Wa pili alitoka akilia. Wa tatu na wa nne hawakumtazama. Kila mlango ulipofunguka, Glenys aliona miaka miwili ya uongo wake ikitoka kwa miguu.

Tamsin aliingia wa mwisho.

Dakika mbili hazijapita, Glenys akasikia sauti mbili za kike ndani, Kihispania kikimiminika bila kituo, kicheko juu ya kicheko. Akaelewa. Mtahini amemaliza na Tamsin mapema, sasa yuko kwenye simu, amefungulia spika, anaongea na ndugu yake wa Zaragoza. Na mtoto wa watu yuko pale kwenye kiti, bubu, anasubiri kuruhusiwa. Glenys akajifunika uso kwa viganja. Aliamua kwamba mchana huo huo angekwenda kwa mwalimu mkuu kusema yote.

Mlango ukafunguka. Tamsin akatoka, mashavu mekundu, akashtuka kumkuta pale. "Ah, Madamu. Pole na kusubiri." Akapita upesi.

Bi. Iturralde akamfuata akijifuta machozi ya kicheko. Alimwona mwanamke kwenye kiti, akamdhania msimamizi wa mlango, akamsemesha kwa Kiingereza.

"Dada yangu, leo nimestarehe! Mama yake binti huyu ni mtu wa Peru. Binti alikijua Kihispania kabla ya Kiingereza! Nikamuuliza, sasa wewe darasani miaka miwili ulikuwa unafuata nini?"

"Akasemaje?" Glenys aliuliza.

"Eti siku ya kwanza alikuja kuaga tu, ahamie Jiografia. Lakini akaona mwalimu anatetemeka, akamwonea huruma, akabaki."