Taa za Nyuma

Fidelis alikuwa na wiki moja tu tangu apate leseni, na siku hiyo alimpeleka mama mkwe wake harusini, amwonyeshe kwamba bintiye hakuolewa na zuzu. Macho aliyagandisha kwenye taa za nyuma za gari lililomtangulia. Likikata kulia, naye kulia. Kibao cha ukumbi, kikubwa kama mlango wa ghala, alikipita hivi hivi.

“Mkwe, mbona hawa wamefunga matawi kwenye magari?”

“Ndiyo mapambo ya siku hizi, mama.”

Magari yaliposimama, ndipo alipotazama pembeni. Makaburini! Kugeuza hakuwezekani, nyuma kumeshazibwa. Mzee mmoja alimfungulia mlango, akamkumbatia.

“Ahsante kwa kumsindikiza mwanangu.”

Fidelis alifumbua mdomo aseme ukweli, akaishia “Mzee, mimi... mimi...” Mzee akadhani ni kilio, akamshika mkono mpaka kaburini. Jeneza liliposhushwa, akamtilia udongo kiganjani.

“Anza wewe, baba. Umetoka mbali.”

Watu wote walimgeukia. Nyuma yao, mama mkwe alikuwa akivua bangili alizovalia harusi, moja baada ya nyingine, akimtazama. Ngumi ya Fidelis ilikataa kufunguka.