Punda wa Ukutani

Nyati alitaka kuta za sebule yake zipambwe kwa picha ya malisho mabichi, kijito na wanyama wanaostarehe. Kazi akampa Kinyonga, fundi wa rangi. Maji na chokaa vilibebwa na Punda kutoka bondeni, kutwa nzima, mwezi mzima.

Siku ya mwisho Kinyonga alimwonea huruma. Akamchora Punda ukutani, amenenepa, amejilaza kivulini, mgongoni hana kitu.

Punda aliutazama mgongo ule kwa muda mrefu. "Ahsante, fundi," akasema. "Sikujua mgongo unaweza kukaa hivyo."

Nyati alipokuja kukagua, akaguna. "Kumbe! Mimi nahangaika, huyu kazi yake kulala tu?" Hapo hapo akamwongezea Punda madumu mawili.

Kesho yake Kinyonga alikuwa akiosha brashi zake aondoke. Punda akaja akiyumba.

"Fundi, kabla hujaenda, nichoree mzigo pale mgongoni."

"Mzigo? Mimi nilikupumzisha makusudi!"

"Najua, fundi. Lakini bwana mkubwa anamtazama yule, hanitazami mimi. Mtwishe yeye, huenda mimi nikatuliwa."