Nailoni ya Kiti cha Abiria

Kwa miaka mitatu Tunu na mumewe, Shomari, walikuwa wakilifufua uani gari la mbio la zamani, lenye viti viwili. Tunu ndiye aliyevishonea ngozi mpya, akavifunika nailoni. Walikubaliana kuivua pamoja siku ya safari ya kwanza.

Jioni moja Tunu alirudi kutoka kazini akakuta kiti cha abiria hakina nailoni, nacho kimevutwa mbele, kama cha mtu mfupi.

"Limewaka?" aliuliza.

"Bado, mke wangu. Hata kukohoa halijakohoa," Shomari alijibu kutoka uvunguni mwa gari. "Nipe spana ya kumi na tatu."

Tunu aligusa boneti. Ilikuwa na joto.

Alimpa spana, akaingia, akaketi. Magoti yake yaligota dashibodi. Hakukirudisha kiti nyuma.