Ndoo ya Maji ya Bahari

Fundi cherehani alipanda kutoka ufukweni, ndoo ya maji ya bahari ikimkata vidole. Roho ilikuwa inamuuma. Kila siku mkewe wimbo ni uleule: "Mbona gari la kaka yangu linang'aa, lako linaliwa na kutu?" Haya, leo na la shemeji lionje chumvi.

Uani magari yote mawili yalikuwa yameegeshwa. Chini ya lake ilichomoza miguu, kisha akatoka shemeji mwenyewe, amejaa vumbi la kutu hadi masikioni.

"Afadhali umekuja, shemeji! Nimekukwangulia kutu yote. Lete hayo maji nisuuze, halafu nipake grisi."

Mkewe alikuwa dirishani.

"Mpe kaka maji," alisema. "Mbona umeganda?"