Jina la Herufi Mbili

Kinyozi alikitazama kikaratasi, akatikisa kichwa. "Masato? Simjui, mama. Na huku watu wanabadilisha majina kama soksi."

Bi Yasuko akainama kushukuru, akatoka nje. Reiji, kijana aliyekuwa akimtembeza, alikuwa ameegemea ukuta kafumba macho. Huyo kinyozi alikuwa mtu wa tano kuulizwa tangu asubuhi, kuanzia askari wa kibanda cha polisi, na wote walizisoma zile herufi mbili za kikaratasini vilevile: Masato.

Bi Yasuko alijiandikisha kwa matembezi ya mchana ya kuongozwa kwa sababu aliogopa kuingia Kabukicho, mtaa wa starehe za usiku jijini Tokyo, peke yake. Kumbe mchana hapakuwa na la kuogopesha. Kunguru walikuwa wakipasua mifuko ya taka, malori yakishusha kreti za bia, na vijana wenye suti za jana wamelala kwenye ngazi. Juu yao yalining'inia mabango ya wanaume warembo, wale ambao kazi yao ni kukaa na wanawake usiku kucha, kuwamiminia vinywaji na kuwasifia.

"Hawa wote mbona sura moja?" aliuliza Bi Yasuko.

"Wametengenezwa, mama. Pua ya daktari, macho ya kompyuta."

"Na wewe je?"

"Mimi pua tu."

Bi Yasuko akacheka. Reiji hakucheka. Usiku alikuwa na kazi yake nyingine, na tangu juzi alikuwa hajalala usingizi wa maana.

Walikaa kwenye benchi kupumzisha miguu. Bi Yasuko akafungua kifurushi cha figili zilizokaushwa kwa moshi, za kwao Akita, ambazo watu wa Tokyo huuliza kwanza ni kitu gani. Reiji alichukua kipande akakitafuna.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Hata mume wangu alikuwa akinisema hivyo hivyo. Sasa hasemi chochote. Mwezi uliopita kiharusi kilimchukua ulimi." Alikinyoosha kile kikaratasi pajani. "Ameandika hili jina kwa mkono wa kushoto, akanisukumia. Ni mwanawe wa kiume, aliyezaa na marehemu mkewe wa kwanza. Waligombana, akaondoka, yapata miaka kumi na miwili. Mimi nimeolewa mle mwaka wa nane huu, na sijasikia akitajwa hata siku moja. Picha zote mzee alizichoma."

"Madaktari wanasemaje?"

"Wiki moja. Wakijitahidi, mbili."

Reiji alikichukua kikaratasi, akakikunja vizuri, akamrudishia. "Mama, nikwambie ukweli. Mtu aliyekimbilia huku hataki kutafutwa. Rudi ukakae na mzee."

"Nimechoka kweli, mwanangu. Miguu yenyewe siisikii. Lakini nikiingia wodini atatazama nyuma yangu, aone nimekuja na nani. Nitamwambia nini?"

Reiji akainuka, akampa mkono, wakatembea polepole hadi mwisho wa matembezi, kwenye hekalu la Hanazono, ambako watu huandika maombi kwenye vibao vya mbao na kuvitundika. Bi Yasuko alichukua kibao kimoja, akaketi ngazini kwa uchovu na kumsogezea Reiji.

"Niandikie wewe," alisema. "Andika jina lake, halafu, arudi nyumbani. Ila utumie zile herufi nyepesi za watoto wa darasa la kwanza, zinazotamkwa kama zilivyo. Haya majina yetu, herufi ni zilezile lakini kila mtu huyasoma apendavyo. Mungu asije akaniletea mtoto wa watu."

Reiji alipiga miayo, akashika kalamu. Aliandika haraka, kama mtu anayetia sahihi, akamkabidhi huku akijifikicha macho.

Bi Yasuko alikisoma kibao. Akakisoma tena, safari hii akifuata kila herufi kwa kidole.

"Kumbe ni Mahito," alisema taratibu. "Baba yako hakuwahi kunitamkia."