Sahani ya Pili

Maikrowevu za siku hizi hupasha sahani kwa idadi ya watu walioandikishwa nyumbani, bila kuzidisha hata moja. Leo ya Bi Shemsa ilipasha sahani yake, ikakataa ya mumewe, aliyekuwa njiani akirudi kutoka machimboni.

Fundi Kombo, aliyeitwa kuitengeneza, alisafisha mlango, akabadilisha fyuzi, akajaribu. Sahani ya pili ikabaki baridi.

Akatazama idadi ya watu kwenye kioo cha mashine: mmoja. Orodha ya serikali, ambayo mashine hizi huisoma, hurekebishwa papo hapo mtu anapofariki. Wanaoleta habari nyumbani huchelewa.

“Dada, mashine ni nzima,” alisema taratibu. “Hebu kaa kwanza.”

Shemsa aliiona ile namba. Akaifunika sahani ya mumewe kwa kawa.

“Badilisha tena fyuzi, fundi,” alisema. “Hapendi wali uliopoa.”